Mfuko Ndio Fundi wa Mwisho: Jinsi Mpini wa Titani Unavyozeeka

Mpini wa titani haushiki kutu, hauvimbi kwa maji wala haupasuki kwa jua. Hata hivyo, mwenye kutia kisu chake cha kukunja mfukoni kila asubuhi huuona ukibadilika. Kijivu kilichokuwa kimetulia huanza kupitiwa na mistari inayong'aa. Buluu iliyomvutia siku ya kununua hufifia kwenye kingo. Weusi uliokolea hutokwa na vidoa vya rangi ya fedha. Wapo wanaodhani wameuziwa metali bandia. Wapo pia wanaokifungia kisu kabatini ili kibaki kipya, ilhali walikinunua kiwafanyie kazi. Hasara hizo zote zinaepukika, kwa kuwa mabadiliko hayo yana sababu zinazoeleweka na mwelekeo unaotabirika.

Hoja yangu ni kwamba mfuko wenyewe ni mashine ya umaliziaji. Unasugua, unagonga na kulainisha, polepole lakini bila kukoma, na baada ya miaka kadhaa kila mpini unaobebwa huelekea kwenye sura ya aina moja: kijivu chenye mng'ao hafifu, mikwaruzo midogo iliyotapakaa pande zote, na kingo zilizolainika. Umaliziaji wowote wa kiwandani unaweza basi kupimwa kwa umbali wake na sura hiyo. Ulioanza karibu nayo hubadilika kidogo. Ulioanza mbali nayo huonyesha kila siku iliyopita.

Oksidi inayorudi yenyewe

Titani si adimu ardhini. Watu wa Kwale, pwani ya Kenya, wanaijua kupitia mchanga mzito uliochimbwa na kampuni ya Base Titanium kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024. Mchanga huo ulikuwa na ilmenaiti, rutaili na zirkoni, na ulisafirishwa kwa meli kutoka Likoni. Sehemu kubwa ya madini ya titani duniani haigeuzwi kuwa metali. Hufanywa unga mweupe unaotiwa katika rangi za nyumba, plastiki na karatasi. Kuipata metali yenyewe ni kazi ngumu na ya gharama, kwa sababu titani na oksijeni zikishashikana haziachani kwa urahisi. Njia inayotawala viwandani hadi leo, ya kutumia klorini kisha magnesi, iliasisiwa na William Kroll, mzaliwa wa Luxembourg, katika miaka ya 1930.

Mvuto huo wa oksijeni unaompa mwenye kiwanda taabu ndio unaoulinda mpini. Titani ikifunuliwa hewani hujifunika papo hapo kwa utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache, yaani kitu kile kile ambacho rutaili ya Kwale imeundwa nacho. Utando huo hauonekani kwa macho, umeshikamana barabara na metali iliyo chini yake, na ukikwaruzwa hujijenga upya mara moja. Jasho, maji ya bahari na maji ya ndimu haviushindi. Ndiyo maana kutu inayoonekana juu ya mpini wa titani, jambo ambalo wavuvi na mabaharia hulikuta mara nyingi, huwa imetoka kwa jirani: skrubu, klipu au bapa, vilivyotengenezwa kwa chuma. Ukiifuta, utakuta mpini mzima.

Hapo titani inaachana na metali nyingine tunazozijua. Shaba hugeuka kahawia hata ikikaa juu ya meza. Chuma huliwa na unyevu wa hewa. Titani ikikaa mezani miaka kumi itabaki ilivyokuwa, ila vumbi. Kinachoubadilisha mpini wake ni kuguswa na vitu vingine. Kwa hiyo mwonekano wake unategemea mambo mawili: umbo la uso wake katika vipimo vidogo sana, na utando au koti lililowekwa juu ya uso huo kiwandani.

Nguvu haimaanishi ugumu

Mipini mingi ya aina hii hutengenezwa kwa aloi ya daraja la 5, yenye takriban asilimia 90 ya titani, 6 ya aluminiamu na 4 ya vanadi. Sentimita moja ya ujazo ya aloi hiyo ina gramu 4.43, ilhali ya chuma ina karibu 7.8. Ina nguvu za kushindana na vyuma vingi, na ikikunjwa kidogo hurudi mahali pake kama springi.

Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyoiingiza titani katika visu vya kukunja. Katika miaka ya 1980 fundi Mmarekani Michael Walker alibuni kufuli lake la bamba jembamba la ndani linalosogea na kuegemea nyuma ya bapa likishafunguliwa. Chris Reeve, aliyeanzisha karakana yake Durban, Afrika Kusini, mwaka 1984 na kuihamishia Boise, jimbo la Idaho, mwaka 1989, alilisogeza wazo hilo mbele. Ubavu mzima wa mpini ukawa bamba nene la titani, na ulimi wa kufuli ukakatwa katika ubavu huo huo. Kisu chake kinachoitwa Sebenza, neno la Kizulu la kufanya kazi, kikawa mfano uliofuatwa na wengi. Leo mipini ya namna hiyo hutoka pia katika miji ya visu kama Maniago nchini Italia na Yangjiang nchini China.

Muundo huo una maana kubwa kwa mada yetu. Ubavu ukiwa ndio kufuli, hakuna mbao, pembe wala plastiki inayoufunika. Metali tupu ndiyo inayoshikwa, ndiyo inayosuguana na mfuko, na ndiyo inayoonekana.

Na metali hiyo, pamoja na nguvu zake zote, si ngumu sana usoni. Katika kipimo cha ugumu cha Vickers, aloi ya daraja la 5 hupata takriban 350. Bapa la kisu kizuri hupata karibu 700. Kwatzi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida, hupita 1,000. Shaba njano ya funguo kwa kawaida haifiki 200. Kwa takwimu hizo nne mtu anaweza kueleza karibu kila alama atakayoiona kwenye mpini wake.

Yanayotendeka mfukoni

Jambo la kwanza ni kukwaruzwa. Kitambaa cha suruali hakiwezi kuikwaruza titani, lakini vumbi linalojificha katika mshono wa chini wa mfuko linaweza, kwa sababu ndani yake mna chembe za kwatzi. Kitambaa huzishika chembe hizo na kuzisukuma juu ya mpini kila mwenye nguo anapotembea au kuketi. Mikwaruzo yake ni mifupi na haina mpangilio. Anayeishi penye mchanga au barabara za vumbi ataiona mapema kuliko anayefanya kazi ofisini.

La pili ni kulazwa. Uso unaoonekana bapa kwa macho umejaa vilele na mabonde madogo. Kitu laini au butu kikipita juu yake kwa kukandamiza, huvilaza vilele bila kuondoa metali yoyote ya maana. Mahali palipolazwa huakisi mwanga upande mmoja badala ya kuutawanya, kwa hiyo hung'aa.

La tatu ni kupakwa. Ufunguo wa shaba njano ukisuguana na titani yenye uso wa kukwaruza, anayeumia ni ufunguo. Vipande vyake vidogo hubaki juu ya mpini kama mstari wa manjano au kijivu. Mwenye kisu hushtuka akidhani mpini umechanika, kumbe umeongezewa kitu. Mistari ya namna hii ndiyo iliyo rahisi kuondoa kuliko yote, na ndiyo inayowahuzunisha watu bure.

La nne ni mafuta ya ngozi. Hayaili titani, lakini hujaa katika mabonde ya uso na kubadili namna mwanga unavyorudi. Mpini wa kijivu huonekana mzito na wenye madoa, na mpini wa rangi huonekana umefifia.

Haya manne hutokea pamoja, lakini kila umaliziaji una lile linaloudhuru zaidi. Tuupitie mmoja mmoja.

Uso uliopigwa mchanga

Katika umaliziaji huu, mpini hupigwa kwa mchanga au shanga ndogo za kioo zinazorushwa kwa hewa yenye shinikizo. Kila chembe huacha shimo dogo, na mashimo hayo yakifunika uso wote, mwanga hutawanyika kila upande. Matokeo yake ni kijivu laini kisichong'aa, cha aina moja kutoka ncha hadi ncha. Sebenza ya kawaida imejulikana kwa sura hiyo kwa miongo kadhaa.

Ni sura nzuri, na ndiyo iliyo mbali kabisa na ile ambayo mfuko unaitaka. Uzuri wake wote umo katika usawa wa vilele vidogo, na vilele hivyo ndivyo vinavyolazwa kwa urahisi zaidi. Sarafu moja ikipita mara moja kwa kukandamiza, huacha mstari unaong'aa ambao wapenzi wa visu wanauita njia ya konokono. Uso wake wa kukwaruza hufanya pia kazi ya tupa, kwa hiyo hukwangua funguo na kujipaka metali zao. Na mabonde yake huhifadhi mafuta ya vidole vizuri kuliko umaliziaji mwingine wowote.

Hata hivyo uzee wake una hatua, na ni muhimu kuzijua. Katika hatua ya kwanza mistari ni michache na kila mmoja unaonekana peke yake, kwa sababu umezungukwa na kijivu kisichoguswa. Huu ndio wakati ambao mwenye kisu huumia moyo. Katika hatua ya pili mistari inaongezeka na kukatana, jicho haliwezi tena kuufuata mmoja. Katika hatua ya tatu uso mzima umelazwa kwa kiasi kinachokaribiana, na mpini unapata mng'ao hafifu wa aina yake. Anayevumilia hatua ya kwanza hufika penye utulivu. Anayesugua kila mstari unapotokea hujirudisha mwanzo kila mara, na wasiwasi wake haumwishi.

Pipa la mawe

Kuna umaliziaji unaoanza mahali ambapo ule wa kwanza unamalizikia. Vipande vya mpini hutiwa katika pipa linalozunguka au kutikisika, pamoja na vijiwe vya kauri, maji na sabuni. Vijiwe huvigonga na kuvisugua kwa saa kadhaa, kutoka kila upande. Vinapotolewa, uso umejaa mikwaruzo mifupi isiyo na mwelekeo, vilele vimeshalazwa, na kingo zimeshapoteza ukali.

Kila kitu ambacho mfuko ungefanya kwa miaka, pipa limekwisha kukifanya. Mkwaruzo mpya ukija huingia katika umati wa mikwaruzo inayofanana nao, na jicho haliupati. Metali ya ufunguo haijipaki sana juu yake, kwa kuwa uso hauna meno ya kuukwangua ufunguo. Mafuta hufutika kwa kitambaa. Kinachoonekana ni mkwaruzo mrefu na wenye kina uliotokana na kisu kuanguka juu ya saruji au kuburuzwa kwenye jiwe, kwa sababu urefu na kina chake haviko katika lugha ya vijiwe.

Kwa mtu anayebeba kisu ili akitumie, hili ndilo chaguo lenye busara zaidi, nami nalisema bila kusitasita. Halihitaji uvumilivu wala matunzo ya pekee. Wanaoliona la kawaida mno wana haki ya kupenda kingine, mradi wajue gharama yake.

Mistari ya msasa na uso wa kioo

Umaliziaji wa mistari hufanywa kwa msasa au mkanda wa kusugulia unaopita upande mmoja tu. Uzee wake unategemea mwelekeo. Mkwaruzo unaofuata mistari humezwa, unaoikata huonekana. Kwa bahati njema ndio ulio rahisi kuurekebisha nyumbani: kipande cha msasa laini kilichozungushiwa kijiti bapa, kikivutwa kwa kufuata mistari ya awali, hurudisha sura kwa dakika chache.

Uso uliong'arishwa hadi kuwa kioo hauna nafasi mfukoni. Hauna kilele cha kulazwa, lakini hauna pia mahali pa kuficha kitu. Kila chembe ya vumbi huandika juu yake, na baada ya wiki chache kioo hugeuka ukungu wa nyuzi nyembamba. Uso huo unafaa kwa kisu cha kutunzwa au cha zawadi.

Rangi isiyotiwa rangi

Tunafika kwenye umaliziaji unaopendwa kuliko wote na unaoeleweka kidogo kuliko wote. Buluu, zambarau au dhahabu ya mpini wa titani haina chembe ya rangi ndani yake. Mpini hutumbukizwa katika maji yaliyotiwa chumvi fulani kama boraksi, kisha huunganishwa na ncha chanya ya umeme wa mkondo mmoja. Umeme huulazimisha utando wa asili wa oksidi unenepe kupita kiasi chake cha kawaida. Utando huo ni angavu. Mwanga ukiufikia, sehemu yake huakisiwa na uso wa juu, na sehemu hupenya na kuakisiwa na metali iliyo chini. Miali hiyo miwili ikikutana tena, baadhi ya rangi huimarishana na nyingine hufutana. Ndivyo inavyokuwa kwa mafuta ya gari yaliyomwagika juu ya dimbwi: mafuta hayana rangi zile, unene wake ndio unaozileta.

Kwa hiyo rangi hupimwa kwa volti. Kati ya 15 na 20 hivi hupatikana kahawia ya shaba, kisha zambarau, na karibu na 30 huja buluu. Kati ya 50 na 60 huja dhahabu, baada ya 70 waridi, na kukaribia 100 kijani. Nyekundu kamili na nyeusi hazipatikani kwa njia hii, hata fundi afanyeje.

Faida yake ni kwamba jua haliifishi. Rangi ya kitambaa hupauka kwa sababu mwanga huvunja kiini cha rangi, na hapa hakuna kiini cha kuvunjwa. Udhaifu wake ni unene. Utando wa buluu una makumi ya nanomita tu, ilhali unywele wa binadamu ni mnene kuliko huo kwa zaidi ya mara elfu. Oksidi iliyotiwa rangi kwenye vifaa vya aluminiamu huwa na maikroni 5 hadi 25, kwa hiyo aliyezoea uimara wa rangi ya aluminiamu asitarajie uimara huo huo kwenye titani. Chembe moja ya kwatzi huupita utando huo mzima bila kuhisi chochote.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Wameambiwa, na ni kweli, kwamba oksidi ya titani hujijenga upya ikikwaruzwa. Basi kwa nini buluu hairudi? Kwa sababu kinachorudi chenyewe ni utando wa asili wa nanomita chache, mwembamba mno kuleta rangi. Unene wa buluu ulijengwa na volti 30, na bila volti 30 hautajengwa tena. Mpini uliokwaruzwa unabaki salama dhidi ya maji na chumvi, lakini mahali pale utakuwa wa kijivu.

Buluu mara nyingi haitoweki ghafla. Utando unaposuguliwa ukapungua unene, rangi hurudi nyuma katika ngazi ile ile ya volti: kutoka buluu kwenda zambarau, kutoka zambarau kwenda kahawia, kisha kijivu. Mfano unaojulikana ni kitufe cha kufungulia bapa kwenye Sebenza, ambacho hutiwa buluu. Kidole gumba hukisukuma kila kisu kinapofunguliwa, na ndicho kinachopoteza rangi mapema, ilhali sehemu zisizoguswa hubaki na rangi yake miaka mingi.

Uso ulio chini ya rangi nao una neno. Rangi iliyowekwa juu ya uso uliopigwa mchanga hupotea kwanza kwenye vilele, na kwa kuwa vilele vimetapakaa kote, mpini wote hufifia kwa pamoja. Rangi iliyowekwa juu ya uso uliopita katika pipa la mawe hupotea kwenye kingo na kudumu zaidi kwenye nyuso bapa, na wengi huona uchakavu huo unapendeza.

Na kabla ya mtu kutangaza kwamba rangi imekufa, aoshe mpini. Mafuta ya ngozi yakikaa juu ya utando hupunguza tofauti iliyopo kati ya hewa na oksidi, na tofauti hiyo ndiyo inayoipa miali ya juu nguvu yake. Ikipungua, rangi hupooza au huhama. Maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, au spiriti na kitambaa safi, mara nyingi hurudisha buluu iliyodhaniwa imekwisha. Rangi zinazopatikana kwa moto, zile za dhahabu na zambarau zinazofifia kuelekea buluu, zinafuata kanuni hiyo hiyo ya unene wa oksidi, na huzeeka kwa namna inayofanana.

Koti jeusi

Kwa kuwa umeme hauleti nyeusi, wanaoitaka huweka koti. Lililo imara ni koti la kaboni inayokaribia almasi, linalowekwa ndani ya chumba kilichotolewa hewa. Unene wake ni maikroni chache tu, lakini ugumu wake unapita kwatzi kwa mbali. Vumbi la mfukoni haliliwezi kwa urahisi.

Tatizo lake ni kile kilicho chini. Koti gumu na jembamba limelala juu ya metali yenye ugumu wa takriban 350. Kisu kikigongwa kwenye pembe ya chuma, titani hubonyea, na koti lisiloweza kubonyea hupasuka au kumeguka. Kingo huumia kwanza. Na kwa kuwa kilicho chini ni cha rangi ya fedha, kila jeraha huonekana kwa tofauti kubwa kuliko katika umaliziaji mwingine wowote. Koti jeusi hupata alama chache, lakini kila alama hupiga kelele, na hakuna namna ya kuipatanisha na mazingira yake bila kuondoa koti lote. Anayelichagua na akubali hivyo tangu mwanzo. Ushauri wangu kwake ni atafute koti lililowekwa juu ya uso wa pipa la mawe, ambao hung'aa kidogo hata chini ya weusi, na hivyo kupunguza tofauti jeraha linapotokea.

Ramani ya uchakavu

Mpini hauchakai sawa pande zote. Kisu kikining'inia mfukoni kwa klipu, ubavu wenye klipu hulala kwenye kitambaa cha nje, na ubavu wa pili hutazama ndani, penye funguo, sarafu na simu. Ubavu huo wa ndani ndio unaopata mikwaruzo mingi. Kuvitenga vitu hivi, kisu mfuko mmoja na funguo mwingine, kunaongeza umri wa umaliziaji kuliko dawa yoyote ya kupaka.

Kingo huchakaa kabla ya nyuso bapa, kwa kuwa mkandamizo wote hukutana katika mstari mwembamba. Mpini ambao kingo zake zimechongwa mviringo na fundi mwenye subira huzeeka polepole kuliko wenye kingo kali. Chini ya ncha ya klipu hutokea doa linalong'aa, kwa kuwa mchanga ulionaswa na kitambaa husagwa hapo kila klipu inapovutwa.

Mahali pamoja hapahusu sura tu. Ncha ya ulimi wa kufuli husuguana na chuma cha bapa, na titani ina tabia ya kung'ang'ania metali inayosuguana nayo. Kuliachia kufuli huwa kuzito, na kwa miaka ncha hulika. Ndiyo maana watengenezaji huiimarisha ncha hiyo kwa kabidi, kwa kipande cha chuma, au kwa gololi ya kauri kama ilivyo katika Sebenza 31. Anayenunua kisu kilichotumika aitazame ncha hiyo kwanza, na mikwaruzo ya ubavuni baadaye.

Kukarabati bila kujidhuru

Ngazi ya kwanza ni kuosha. Ya pili ni raba ya kufutia penseli, ambayo huondoa mistari mingi ya metali iliyopakwa na funguo bila kugusa titani. Ya tatu ni kitambaa kigumu cha kijani cha kusugulia sufuria, kikizungushwa kwa wepesi juu ya uso wa kijivu uliopigwa mchanga au uliopita kwenye pipa, ili kuchanganya njia za konokono na mazingira yake. Kisiguse rangi wala koti. Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi: kupigwa mchanga upya, kurudishwa kwenye pipa, au kutiwa rangi tena. Mpini wa milimita kadhaa hauoni hasara ya kazi hiyo, na hili ni jambo ambalo mipini ya mbao na pembe haiwezi kujivunia.

Hatari tatu hazifai kupuuzwa. Unga wa titani unaotoka kwenye mashine ya kusagia hushika moto, na moto wake ukimwagiwa maji huzidi; asiye na vifaa asugue kwa mkono, kwa msasa uliolowa. Asidi ya floridi inayotumiwa na baadhi ya mafundi kuondoa rangi hupenya ngozi na kushambulia kalsiamu mwilini, wakati mwingine kabla maumivu hayajaanza, kwa hiyo haina nafasi jikoni wala uani. Na umeme wa mkondo mmoja wenye volti 60 na kuendelea, pamoja na mikono iliyolowa, unaweza kuua.

Namna ya kuchagua

Mtu anayenunua mpini wa titani kwa kawaida huhukumu sura yake ya siku ya kwanza, siku ambayo haitarudi. Afadhali aulize mambo mawili. La kwanza, umaliziaji huu uko umbali gani na ule ambao mfuko wangu utauleta? La pili, sehemu zipi za kisu hiki zitaguswa, na zipi hazitaguswa?

Majibu yanaongoza kwenye kanuni inayoweza kutumika kwa kisu chochote. Kinachosuguliwa kipewe uso wa pipa la mawe. Rangi iwekwe pale pasipofikiwa na funguo wala kidole gumba: kwenye kipande cha mgongoni kinachounganisha mbavu mbili, ndani ya mifereji iliyochongwa, kwenye pande za ndani zinazoonekana kisu kinapofunguliwa. Huko buluu itadumu kama kisu chenyewe. Na anayependa kijivu kilichopigwa mchanga akichukue kwa moyo mkunjufu, akijua kwamba mwaka wa kwanza utakuwa wa mistari na ule utakaofuata wa utulivu. Metali hii itakaa kuliko mwenye nayo, kwa hiyo sura ya kuchagua ni ile anayoweza kuishi nayo siku zote hizo.